Chombo cha Fundi katika Njia za Kasongo

Fundi wa Kasongo atakaye kuacha kuwangoja wateja wake sokoni, na badala yake kuwafuata huko waliko, katika vijiji vya njia ya Kabambare au vya njia ya Kibombo, ambako pikipiki huzimika msituni na mwenyewe akabaki akiitazama asijue la kufanya, hukabiliwa na suali moja kabla ya mengine yote: yeye mwenyewe apande nini? Suali hilo laonekana kuwa la fedha tu, maana rasilmali ya fundi aghalabu ni ndogo. Lakini aisomaye tarikhi ya njia hizi ataona kuwa ni suali la kale mno, kwamba liliwahi kuwasumbua matajiri wa pembe, mfalme wa Ulaya na wajenzi wa reli, na kwamba ardhi ya Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo ulimo mji wa Kasongo, imekwisha kulijibu mara nyingi.

Kadiri ya mwaka 1875, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humjua zaidi kwa lakabu yake ya Tippu Tip, alifanya maskani yake Kasongo, na njia kuu ya biashara ya bara ikawa ile itokayo Bagamoyo, ipitayo Tabora na Ujiji, ivukayo Ziwa Tanganyika hata Mtowa, ipandayo Kabambare, kisha ishukayo Kasongo na Nyangwe kandokando ya mto Lualaba. Katika masafa hayo yote, ambayo kuyakata kulichukua miezi, hapakuwa na gurudumu. Pembe zilitoka, nguo, shanga, bunduki na baruti zikaingia, na vyote hivyo vilipita juu ya bega la mwanadamu, ambalo kiasi chake kilijulikana na kila mwenye msafara: frasila mbili, yaani ratili sabini hivi, na kupita hapo mtu hafiki mbali. Wengi katika wabebaji hao walikuwa watumwa na mateka wasioulizwa hiari yao, na ni wajibu wetu kuianza habari ya vyombo kwa kuwakumbuka, kwa kuwa walifanywa vyombo ilhali walikuwa watu. Hata aliyekuwa huru hakuepukana na dhiki ya njia: msafiri Livingstone alizuiwa Kabambare tangu Julai 1870 hata Februari 1871, kwa sehemu kwa sababu ya vidonda vya miguu, maana pasipo na chombo ila mguu, mguu ukiharibika safari imesimama.

Wala si kwamba watu hawakutafuta chombo kingine. Livingstone huyo huyo aliingia bara mwaka 1866 kutoka Mikindani na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, nao wakamfia njiani kwa kuumwa na mbung'o na kwa kukosa matunzo. Mwaka 1879, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akitaka kuepukana na gharama na taabu za wapagazi, aliagiza tembo wanne waliofunzwa kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani karibu na Dar es Salaam ili wapelekwe Karema, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Lakini wanyama wale, waliokuwa na nguvu za kuwashinda wapagazi wengi kwa pamoja, hawakudumu, na mizigo ikarudi mabegani. Nguvu haikuwafaa kitu katika nchi ambayo malisho yao, maradhi yao na tiba yao havikujulikana na mtu aliyekuwa karibu.

Tazama, kwa upande wa pili, chombo kilichofuzu. Msafiri Stanley alipofika Mwana Mamba, jirani na Kasongo, mnamo Oktoba 1876, na kukutana na Tippu Tip, alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, ambayo haikuja kwa maji peke yake, bali ilibebwa nchi kavu vipande vipande tangu pwani, na kila ilipofika penye maji ikaunganishwa. Mashua hiyo ilifika Lualaba kwa kuwa ilikubali kufunguliwa na kubebwa, na katika hilo kuna mafunzo ambayo fundi wa leo angeyafahamu mara moja.

Majeshi ya Leopold, yakiongozwa na Dhanis, yalipoutwaa mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, enzi ya misafara ilikuwa inakwisha, na zama za chuma zikafuata. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ili kuyakwepa maporomoko ambayo Wazungu waliyapa jina la Milango ya Jahanamu. Lakini reli hiyo ilipita ng'ambo ya kushoto ya Lualaba, na Kasongo iko ng'ambo ya kulia, hata mzigo utokao garini ulikuwa bado una mto wa kuvuka na safari ya kwenda. Pengo hilo lilizibwa kwa barabara, na barabara kwa amri: wanavijiji waliolimishwa pamba kwa shuruti tangu 1917 ndio hao hao waliofyeka, wakajaza mashimo na kutandika magogo ya madaraja ili malori yapite. Njia iliyofanywa kwa jasho la shuruti hufa siku shuruti iondokapo, isipopata mwenye kuitunza kwa hiari na kwa fedha; na baada ya uhuru wa 1960, maasi ya 1964, kisha vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003, msitu ukakirudia ulichonyang'anywa, na lori likawa mgeni.

Ndipo baiskeli, ambayo Waswahili wengi wa Kongo huiita kinga, ilipoonyesha thamani yake. Mtu hufunga fimbo penye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akapakia mchele na madumu ya mawese, kisha akaisukuma kwa miguu, mathalani kutoka Kasongo hadi Kindu, mwendo wa takriban kilomita 240. Haimbebi yeye, inabeba mzigo ambao bega lake lisingeuweza. Mwandishi Mwingereza Tim Butcher, aliyeifuata njia ya Stanley mwaka 2004, alipita Kabambare na Kasongo kwa pikipiki, kwa kuwa hapakuwa na gari la kutegemewa katika njia ile.

Basi fundi wetu achague nini? Gari kukuu huvutia, maana lingebeba vyombo vyake vyote, hata mashine ya kuchomelea. Lakini likizama matopeni lataka kijiji kizima kulitoa, petroli yake hutoka mbali na bei yake hupanda kila ivukapo mto, na kipuri chake huenda kikangojwa majuma. Hilo ni tembo wa Leopold. Afadhali pikipiki ndogo, ya aina ile ile waipandayo wateja wake, iwe TVS au nyingine iliyozoeleka mjini, maana huvuka kwa mtumbwi, hupita juu ya gogo moja, na, fauka ya hayo, mnyororo, plagi na waya za klachi azibebazo kwa ajili ya wengine humfaa yeye mwenyewe siku ya dhiki. Na asiye na uwezo huo asione haya kuanza kwa kinga, yenye pampu, viraka na spana, kwani imekwisha kuaminiwa na njia hizi katika miaka migumu kuliko hii. Urahisi wa chombo haupimwi siku ya kununua. Hupimwa siku kinapoharibika mbali na mji, kwa kutazama kama mwenyewe aweza kukifufua kwa mikono yake.

Na akiupanga mfuko wake wa zana, auinue kwanza kwa bega. Usizidi frasila mbili. Kwani ikiwa pikipiki itamkatalia kabisa kati ya Kasongo na Kabambare, atauchukua na kwenda kwa miguu hata kijiji cha mbele, katika njia ile ile ya wapagazi, ila yeye atakwenda kwa hiari yake, na ijara itakuwa yake.