Familia na Gari Lao
Robert Bechtle, '61 Pontiac, 1968–69. Rangi ya mafuta kwenye turubai.

Baba, mama na watoto wawili wamesimama mbele ya gari lao kama watu wanaosubiri mpigapicha amalize. Baba huyo ndiye mchoraji mwenyewe. Bechtle (1932–2020), mzaliwa wa San Francisco, alipiga picha kwa kamera, akaimulika slaidi kwenye turubai kwa projekta, akafuatisha mistari yake, kisha akapaka rangi taratibu kwa brashi. Ukiwa mbali utaapa ni picha ya kamera. Sogea karibu kidogo.

Matangazo ya miaka ya 1960 yaliinadi Pontiac kwa mbio na ujana. Hii hapa ni stesheni wagoni ya kubebea watoto na vitu vya nyumbani, tena si mpya. Jua la California limewaka juu ya bati na nyuso za watu bila upendeleo. Wengi huingiwa na hamu ya zamani wanapoitazama, ingawa Bechtle alikuwa akichora maisha yake ya siku zile zile.

General Motors iliacha kutengeneza Pontiac mwaka 2010. Mchoro huu ni mali ya Makumbusho ya Whitney, New York.