Ukijikata kwa panga shambani: mambo ya kufanya na ya kuepuka

Kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Kaole na vijiji vya ng'ambo ya mto Ruvu, panga na shoka ni vifaa vya kila siku. Mkulima hupogolea mikorosho na miembe, mkwezi huangua nazi, mgema hugema tembo kwa kotama, wengine hukata kuni na miti ya kujengea. Wengi wamewahi kujikata, au wanamjua aliyejikata. Mara nyingi huumia mkono ulioshika tawi au ugoko wa mguu uliotangulia mbele, kwa sababu panga likiteleza huishia huko.

Wasikilizaji wetu, hatari ya jeraha kama hilo ni mbili: damu nyingi kutoka kwa dakika chache, na pepopunda siku kadhaa baadaye. Zote mbili zinazuilika.

Kwanza, zuia damu

Mkalishe au mlaze majeruhi. Weka kitambaa safi, hata kipande cha kanga iliyofuliwa, juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa kiganja. Kama una mfuko safi wa nailoni, uvae mkononi kwanza. Endelea kukandamiza dakika 10 bila kufunua kutazama, maana kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Damu ikiruka kwa kasi na kukandamiza hakusaidii, funga mkono au mguu kwa kitambaa chenye upana wa vidole vitatu hivi. Funga juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, vidole vinne kutoka lilipo, wala si juu ya goti au kiwiko. Pitisha kijiti kwenye fundo, kizungushe hadi damu isimame, kisha kifunge kisilegee. Andika saa uliyofunga na usifungue. Atafungua mhudumu wa afya. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

Kipande cha mti kilichozama ndani ya nyama usikichomoe. Zungushia vitambaa ili kisitikisike.

Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha weka mfuko huo juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kipelekwe pamoja na majeruhi.

Usipake majivu wala kahawa

Wazee wetu walitumia majivu, unga wa kahawa, udongo, mafuta ya taa au majani yaliyotafunwa, kwa kuwa zahanati ilikuwa mbali. Leo tunajua vitu hivyo huingiza uchafu na kumpa mhudumu kazi ya kusafisha upya. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha lifunike.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa jeraha ni refu au linaachama, ikiwa vidole vimekufa ganzi au havikunjiki, au ikiwa lina udongo ndani. Majeruhi mwenye kizunguzungu asipandishwe bodaboda peke yake. Tafuteni bajaji au gari.

Pepopunda haingoji jeraha kubwa

Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na huweza kuingia hata kwa mchomo wa mwiba. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21: taya hukaza, shingo hukakamaa, mwili hushtuka kwa maumivu. Wajawazito huchanjwa kliniki, lakini mwanaume mtu mzima anaweza kukaa miaka mingi bila chanjo. Basi ukijikata, mwambie mhudumu mara ya mwisho ulichanjwa lini, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda hata kama damu imekwisha kukauka.

Kabla ya kuanza kazi

Noa panga, kwani butu huteleza. Kaza mpini. Ondoa mitambaazi miguuni, tanua miguu, na kata kuelekea nje ya mwili wako. Wenzako wakae mbali. Ukipanda mti, vifaa vipandishwe kwa kamba. Beba kitambaa safi na simu yenye chaji, na usiende kukata miti peke yako bila mtu kujua ulipo.