Breki za kiwandani kwenye sedani nzito: zinafika wapi uwanjani?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu anayefanya kazi Dubai alinipigia simu usiku, sauti haimtoki vizuri. "Mjomba, leo breki imenikataa." Alikuwa amepeleka gari lake, sedani ya V8 aliyoinunua mkononi mwa mtu, kwenye uwanja mmoja wa mbio huko Ghuba, siku ile ambayo mtu wa kawaida hulipa akaingia na gari lake. Raundi tatu za mwanzo zilikuwa safi. Ya nne, mwisho wa mstari ulionyooka, alikanyaga breki na pedeli ikazama kama anakanyaga sponji. Akaipiga haraka haraka, akapata breki kidogo, na gari likaishia kwenye changarawe nje ya kona. Alhamdulillahi, ukuta haukuguswa wala yeye hakuumia.

Asubuhi yake alikuwa ameshatafuta bei ya seti ya breki kubwa za mashindano, pesa ambazo zingemlipia mamake kodi ya nyumba mwaka mzima. Nilimwambia angoje kwanza. Mimi diploma yangu ni ya mambo haya haya ya magari, na nimekaa gereji miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Kwa kuwa vijana wetu wengi wako Ghuba na magari mazito yenye nguvu wanayapata kwa bei ambayo huku ni ndoto, nimeona niandike nilichomwambia.

Tuchukue gari linalojulikana: BMW M5 iliyotoka mwaka 2011, ile wapenzi wake huiita F10. Injini ni V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, nguvu ya farasi 560. Uzito wake ni karibu kilo 1,900 kabla ya dereva kupanda, kwa hivyo ukiweka mtu na petroli uko kwenye tani mbili. Breki za kiwandani si za mchezo: diski za mbele zina kipenyo cha milimita 400, na kila kalipa ya mbele ina pistoni sita. Mtu akiziona nyuma ya rimu husema hizi zitasimamisha hata lori.

Na kweli, kwa kusimama mara moja, zinasimamisha vizuri sana. Tatizo la uwanjani ni kusimama mara ya kumi.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Hakuna pengine pa kuupeleka mwendo huo. Gari la tani mbili likishuka kutoka kilomita 240 kwa saa hadi 80, joto linalozalishwa ni karibu megajuli 4. Kwa lugha ya jikoni, ni joto la kutosha kuchemsha lita 13 za maji ya bomba la Mombasa, na breki inalizalisha kwa muda wa kama sekunde tano. Ukisimama kutoka kilomita 60 kwa saa pale mjini, joto ni chini ya sehemu moja ya kumi ya hilo. Ndiyo maana gari linaweza kukaa barabarani miaka mitano bila lalama, kisha likakuaibisha uwanjani ndani ya dakika kumi.

Sehemu kubwa ya joto hilo huenda mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito wote huegemea mbele. Diski mbili za mbele tukizikadiria kilo 25 hadi 30 kwa jumla, breki moja kama hiyo huzipandisha joto kwa takriban nyuzi 200. Halafu zinapata muda mfupi tu wa kupoa kabla ya kona nyengine. Uwanja kama Yas Marina wa Abu Dhabi una mstari ulionyooka wa kilomita 1.2, na mwisho wake lazima ufunge breki kwa nguvu zote. Hewa inayopita katikati ya diski ndiyo inayoziokoa, lakini ukirudi kwenye breki kabla hazijapoa, unapanga joto juu ya joto. Gari dogo la kilo 1,000 kwenye uwanja huo huo lina nusu ya mzigo huu, na kwa kawaida halifiki mwendo mkubwa hivyo mwisho wa mstari. Uzito na nguvu ya injini ni maadui wawili wanaoshirikiana.

Sasa breki hushindwa kwa njia mbili, na ukizichanganya utanunua dawa isiyo ya ugonjwa wako.

Ya kwanza ni pedi. Pedi za barabarani zimetengenezwa zishike hata zikiwa baridi asubuhi, zisipige kelele, zisijaze rimu vumbi jeusi. Kwa sababu hiyo nyingi huanza kupoteza mshiko zikishapita nyuzi 400 au karibu na hapo. Dalili yake ni kwamba pedeli inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini gari halisimami. Mara nyingi huja na harufu ya kuungua.

Ya pili ni mafuta ya breki. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye pistoni. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Pedeli inazama, nguvu haifiki. Huu ndio ugonjwa wa mpwa wangu, na hapa nilimuuliza swali moja tu: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Kimya. Hakujua. Alikuwa amemwamini aliyemuuzia.

Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 4, kwa kiwango cha chini kinachokubalika, huchemka nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka nyuzi 155 tu. DOT 5.1 ni 260 na 180. BMW yenyewe hutaka yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari ni la kwenda sokoni. Na sisi watu wa pwani, iwe Mombasa, Lamu au Dubai, tunaishi ndani ya unyevu. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni gerejini nusu mwaka, mimi sitii kwenye gari la mtu. (Na jihadhari na DOT 5 bila hiyo "nukta moja": hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi.)

Kwa hivyo breki za kiwandani zinatosha au hazitoshi? Kwa maoni yangu, kalipa na diski za gari kama hili zinatosha kwa mtu anayeenda uwanjani mara mbili tatu kwa mwaka. Kinachoanza kushindwa ni pedi na mafuta, na hivyo ndivyo vya bei nafuu. Mafuta mapya ya kiwango cha juu, hewa itolewe vizuri magurudumu yote manne, na pedi zenye uwezo wa joto kubwa zaidi. Pedi kali kabisa za mashindano sizipendi kwa gari la kila siku: zikiwa baridi hazishiki vizuri, na asubuhi ukiwapeleka watoto shule huo ni hatari wa aina nyengine.

Diski za kauri ambazo BMW iliziuza kama nyongeza kwa M5, zile zenye kalipa za rangi ya dhahabu, ni nyepesi na zinastahimili joto vizuri zaidi. Lakini diski moja ikiharibika, bei yake itakutoa machozi. Na kwenye gari la mkononi, kagua diski za chuma zenye matundu: nyufa ndogo huanzia kwenye hayo matundu. Ufa ukifika ukingoni mwa diski, hiyo ni ya kutupa.

Kilichobaki ni dereva. Raundi tatu nne za nguvu, kisha moja ya polepole bila kugusa breki sana ili hewa ipite. Funga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, usiiburute kwa mbali kama unateremka Mazeras na tela. Kuburuta kunapika kila kitu. Ukitoka, usisimame hapo hapo mguu ukiwa kwenye breki, wala usivute breki ya mkono: pedi ya moto ikiganda mahali pamoja kwenye diski huacha alama, na baadaye usukani unatetemeka na fundi anakwambia diski zimepinda. Na pedeli ikianza kushuka hata kidogo tu, ingia ndani, usiseme raundi moja ya mwisho.

Mpwa wangu amebadilisha mafuta. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, amenitumia picha. Pedi za mbele zilikuwa zimebaki milimita tatu, na anangojea mpya. Ile seti ya mashindano ameiacha dukani, na mamake bado hajaambiwa habari za changarawe.