Matuta ya Kathiani: Kazi za Umma za Miaka ya 1930 na Kilichobaki

Miteremko ya vilima vya Iveti, kaskazini mwa mji wa Machakos, imekatwa matuta kuanzia mabondeni hadi karibu na vilele. Kathiani na masoko yanayoizunguka yanaishi kwa mashamba hayo: mahindi, maharagwe, kahawa, miembe na migomba. Wazo la kuikata ardhi hiyo lilitokana na mpango wa serikali ya kikoloni ulioanzishwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa dunia. Hata hivyo, matuta yanayoonekana leo, kwa sehemu kubwa, si yale yaliyochimbwa kwa amri ya mpango huo. Makala haya yanadai kwamba kazi ile ilidumu pale tu ilipotoka mikononi mwa serikali na kuingia mikononi mwa wenye mashamba.

Baada ya 1929 bei za mahindi, kahawa na mkonge ziliporomoka. Walowezi walilemewa na madeni, na serikali ya Nairobi ikazidi kuegemea kodi za Waafrika. Ukambani nako kulikuwa na misiba yake: ukame wa 1928 na 1929, nzige, kisha ukame tena kati ya 1933 na 1935. Hapakuwa na pa kukimbilia. Milima ya Mua, upande wa magharibi, ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na nyanda za malisho za kuelekea mto Athi zilikuwa mashamba makubwa ya ng'ombe wa Wazungu. Watu na mifugo walibanwa ndani ya mipaka ya hifadhi waliyotengewa Wakamba, wakalima na kuchunga ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka, hadi udongo ukaanza kuondoka na mvua na makorongo yakafunguka. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu hali hiyo. Alieleza uharibifu kwa usahihi, lakini lawama kubwa aliwatwika wafugaji na wakulima. Mipaka iliyowabana haikupewa uzito uliostahili.

Hofu hiyo ya udongo haikuzaliwa Machakos peke yake. Marekani ilikuwa imeshuhudia dhoruba za vumbi katika nyanda zake za kati, na mwaka 1935 ikaunda idara ya kitaifa ya hifadhi ya udongo chini ya Hugh Bennett. Maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki walisoma habari hizo kwa makini na kuziona kama onyo. Walichukua utaalamu, lakini hawakuchukua masharti ya kazi. Vijana wa Marekani walioajiriwa tangu 1933 kupanda miti na kuziba makorongo walilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilitumwa kwa familia zao. Kazi ya umma ilikuwa njia ya kuwapa riziki wasio na ajira. Ukambani kazi ya aina hiyo hiyo ilikuwa shokoa. Machifu waliwatoa watu mashambani mwao, na waliochimba hawakulipwa. Jambo lililokuwa nafuu kule likawa mzigo juu ya mzigo wa kodi huku.

Pigo la kwanza halikuwa matuta bali mifugo. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa lazima, mwaka ule ule kiwanda cha nyama cha Liebig kilipofunguliwa Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Ng'ombe walihesabiwa, wakatiwa chapa, waliozidi wakauzwa mnadani kwa bei duni. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa akiba ya miaka ya njaa na mali ya mahari. Kumwondoa baada ya ukame mrefu kulikuwa kuivunja akiba yenyewe. Kutoka Iveti akainuka Muindi Mbingu, kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association. Julai mwaka huo zaidi ya watu 1,000, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilifuta uuzaji wa lazima.

Ushindi huo huelezwa kama sura ya siasa tu, na huko ni kuupunguza. Uligeuza mkondo wa mpango wenyewe. Baada ya kushindwa kwenye mifugo, serikali ilitia nguvu zaidi kwenye udongo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Machakos ikapewa sehemu kubwa ya fedha za mpango wa maendeleo ulioanza 1946. Shokoa iliendelea. Trekta zilipoletwa, wengi waliamini kuwa shamba lililoguswa na serikali lingeishia kwa walowezi, na kwa watu walioiona Mua ikichukuliwa hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kwingineko mambo yalikuwa makali zaidi: Murang'a mwaka 1947 wanawake na wanaume waligomea kuchimba matuta, na Uluguru, Tanganyika, mpango kama huo uliishia kwenye ghasia mwaka 1955.

Kwa nini basi Machakos haikuyatupa matuta? Jibu la kwanza liko kwenye jembe. Tuta la amri lilikuwa la fanya chini: mtaro unachimbwa kufuata usawa wa mteremko na udongo unatupwa upande wa chini. Ni kazi ya haraka, lakini mtaro hujaa matope mapema na shamba hubaki na mteremko wake. Katika fanya juu udongo unarushwa juu ya mtaro na kuwa ukingo. Mvua inapoteremsha udongo, ukingo huuzuia, na baada ya misimu kadhaa shamba linakuwa ngazi tambarare zinazoshika maji. Jasho linalohitajika ni kubwa zaidi, na faida pia. Wakulima wenyewe ndio waliopendelea fanya juu katika miaka ya 1950, kwa sababu mahindi yake yalistahimili jua kwa muda mrefu zaidi.

Jibu la pili ni mwethya, desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi. Katika miaka hiyo ya 1950 maofisa wa maendeleo ya jamii waliacha kutegemea amri ya chifu pekee, wakaacha vikundi vya mwethya vichague viongozi wao na kuamua shamba la nani lianze. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo, na mchango wao haujapewa nafasi yake katika maandishi mengi kuhusu wilaya hii. La tatu ni soko. Kuanzia 1954, Mpango wa Swynnerton ulipowafungulia Waafrika mlango wa kilimo cha biashara, wakulima wa vilima vya Iveti na Kangundo waliruhusiwa kupanda kahawa, kwa sharti kwamba shamba liwe limekatwa matuta. Kwa mara ya kwanza tuta lilileta fedha nyumbani kwa aliyelichimba.

Uhuru ulipokaribia kazi ililegea, kwa kuwa wengi walihesabu matuta kuwa sehemu ya mambo ya mkoloni. Lakini katika miaka ya 1970 uchimbaji ulirudi kwa nguvu, safari hii bila shokoa. Misaada ya Sweden kwa hifadhi ya udongo, tangu 1974, na mpango wa maendeleo wa Machakos uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya kuanzia 1978 ilichangia zana na utaalamu. Sehemu kubwa ya jasho, hata hivyo, ilikuwa ya familia na ya mwethya. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kuwa wakazi wa wilaya waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 ifikapo 1990, huku mmomonyoko ukipungua. Wakosoaji wamejibu kwamba ukaribu wa Nairobi, pamoja na mishahara iliyotumwa nyumbani na wafanyakazi wa mjini, ulichangia sana, na kwamba familia zisizo na mshahara zilibaki nyuma. Hoja hiyo ni ya haki, na inafaa kuingizwa katika hesabu: matuta mengi ya Iveti yalilipiwa kwa pesa zilizochumwa mjini.

Leo matuta ya Kathiani yanakabiliwa na mambo ambayo ripoti ya 1937 haikuyafikiria. Mashamba yanagawanywa kwa warithi hadi ukingo mmoja unakuwa mpaka wa ndugu wawili, na kila mmoja anangoja mwenzake aukarabati. Kahawa imepungua baada ya bei kuyumba, na uchotaji wa mchanga kwenye mito ya Machakos unashusha vitanda vya mito na kudhoofisha kingo zake. Vikundi vya mwethya bado vipo, vingi vikiwa vya wanawake, vikichimba silanga za kuhifadhi maji na kupanda nyasi za kushikilia kingo.