NATI YA SHAFTI IKIGOMA: NAMNA YA KUIFUNGUA NA KUIKAZA BILA KUUA BERINGI

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee kitu kinachotutoa pesa mfukoni hapa Makongolosi: ile nati kubwa ya katikati ya tairi la mbele. Wengine wanaiita nati ya shafti, wengine nati ya habu.

Mimi ni form four tu, sijasomea umakenika, ila nilishinda sana kwenye gereji moja. Siku hiyo gari ndogo ilibadilishwa beringi ya mbele, nati ikakazwa kwa bomba refu, kijana kasimama juu ya bomba kwa uzito wake wote. Tukaona kazi safi. Haukuisha mwezi, beringi ikaanza kuunguruma na mwenye gari akanunua nyingine. Ndio maana naandika.

NATI HII INAFANYA NINI?
Inaivuta shafti na kubana habu pamoja na beringi. Ikilegea, tairi linacheza na meno ya shafti yanalika. Ikizidi kukazwa, nyuzi zinavutika na beringi inaweza kupata joto ikafa.

KUFUNGUA
1. Egesha gari sehemu tambarare, vuta handibreki, weka mawe kwenye matairi. Toa wilikepu. Tairi libaki chini, usipige jeki kwanza.
2. Angalia kufuli. Kama kuna pini, itoe. Kama ukingo wa nati umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, uinue kwa tindo nyembamba. Wengi wanakosea hapa: nati haijagoma, imefungwa!
3. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulainisha kutu, usubiri. Ikibidi iache ilale mpaka asubuhi.
4. Tumia bokisi ya pande 6, inayokaa sawasawa. Corolla nyingi ni namba 30. Mwenzako akanyage breki, wewe vuta mpini mrefu taratibu. Magari mengi nati inafunguka kinyume cha saa, kulia na kushoto. Usirukeruke juu ya bomba, bokisi ikichomoka utavunjika mguu.
5. Usiipige nati kwa tindo na nyundo ili izunguke, utaua nyuzi. Na kama beringi bado unaitaka, usichome kwa gesi, joto linaunguza grisi na sili.
6. Ikishalegea ndipo upige jeki na kuweka stendi. Gari isisukumwe nati ikiwa imelegea, uzito wake unaumiza beringi.

KUKAZA
Nati ya kugongwa ukingo weka mpya, pini nayo mpya. Breki ikanyagwe, kisha kaza kwa spana ya kupima nguvu, ile mafundi wanaiita toki renchi. Kila gari ina kipimo chake. Mfano, Corolla za 2003 hadi 2008 za soko la Marekani ni Nyutoni mita 216.

Sasa hesabu ya mtaani. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 na kitu. Kilo 22 zikining'inia kwenye ncha ya mpini wa mita 1 uliolala mlalo, unapata karibu hiyo hiyo 216. Mpini wa nusu mita unataka kilo 44. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mita 1 anatoa zaidi ya 680, mara tatu ya inayotakiwa! Hapo ndipo beringi ya yule jamaa ilipouawa. Lakini dumu ni la kukupa picha tu, maana bomba lenyewe lina uzito. Toki renchi tafuta hata ya kuazima.

Tundu la pini lisipolingana, usirudishe nati nyuma. Kama ina kikombe cha kufungia, zungusha kikombe mpaka lionekane. Kama haina, ongeza kukaza kidogo tu.

Halafu jaribu gari mtaani kwanza, usikilize. Ile milima ya Chunya kwenda Mbeya sio mahali pa kugundua kwamba nati imelegea.

Mafundi wazoefu, nilipokosea nirekebisheni kwenye maoni hapo chini. Kazi kwenu.