Green Card si pasi ya maisha: Ukikaa ocha sana, mlango wa Marekani unaweza kukufungia

Umepata Green Card, uko majuu, maisha yanaanza kujipa. Halafu simu inaingia usiku: mathe ni mgonjwa. Unakata tiketi ya Nairobi ukijua ni wiki tatu tu. Miezi inasonga, na bado uko nyumbani unampeleka kliniki. Je, ukirudi watakufungulia?

Hapa ndipo wasee wengi huchanganya mambo. Wanachukulia Green Card kama pasipoti, eti unaingia na kutoka vile unajiskia. Zii. Hiyo kadi inasema kitu moja: kwamba unaishi Marekani. Ukiacha kuishi huko, haki yako ya kuingia inaanza kutetereka, hata kama tarehe iliyoandikwa kwa kadi bado iko mbali.

Ukiwa nje chini ya siku 180, mara nyingi unapita na maswali machache. Ukizipitisha, sheria inaweza kukuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na afisa wa airport ana ruhusa ya kukuchimba: unafanya kazi wapi, nyumba unalipia, ushuru je? Ile miaka unayohesabu ndio uombe uraia pia inaweza kukatika. Ukigonga mwaka mzima, kadi peke yake haitoshi kukuingiza. Na ule ujanja wa kwenda kuguza tu wiki moja kila miezi mitano? Wanaujua. Wakiona maisha yako yote yako Kenya, bado watakuuliza.

Dawa iko, lakini huipati ukiwa hapa. Inaitwa kibali cha kurudi, na unakiomba kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani. Alama za vidole pia wanachukua huko huko, kwa hivyo usitume fomu asubuhi na uruke jioni. Kibali kinakaa hadi miaka 2, na kikiisha hakiongezwi muda. Unarudi kule na kuomba kingine. Kama umekuwa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita, kwa kawaida unapewa mwaka 1 tu. Hata ukiwa nacho, haimaanishi hutaulizwa maswali.

Tuseme mwaka umeshapita na hukuwa na kibali. Bado kuna njia moja, viza ya SB-1, unayoomba ubalozini Gigiri kwa fomu DS-117. Hapo lazima uonyeshe ulitoka ukiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichokuzuia hukuwa na uwezo nacho. Karatasi za hospitali zinasaidia. "Nilikuwa nasimamia matatu yangu" haisaidii.

Kitu ya mwisho, na hii waambie pia wazazi wenye kadi, maana ndio hukaa ocha muda mrefu. Ukishikwa na maswali airport, unaweza kuwekewa fomu I-407 usaini. Hiyo ndiyo ya kurudisha Green Card kwa hiari yako. Hakuna sheria inakulazimisha kuisaini. Unaweza kukataa, na uombe kesi yako isikizwe na jaji wa uhamiaji.