Kwelea na funza wa mpunga

Kwelea (Quelea quelea) ni ndege mdogo mla nafaka, na funza wa shina ni viwavi wa nondo wanaotoboa bua la mpunga. Wote huharibu mashamba ya Mwea na Ahero nchini Kenya. Kaunti ya Kajiado hailimi mpunga kwa wingi, lakini nyanda kavu kama zake, kuanzia Kitengela hadi Namanga, zinaeleza chanzo cha tatizo la kwelea. Kwelea huishi kwa mbegu za nyasi na hutaga katika vichaka vya migunga. Mvua inapoziotesha mbegu hizo, au ukame unapozimaliza, makundi huhamia kwenye nafaka. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, hivyo kundi la milioni moja laweza kumaliza tani 10.

Wakulima hudai sumu ya fenthioni inyunyizwe, na dai lao si la kupuuzwa, kwani kuamia shamba kutwa kunachosha na kunagharimu. Hata hivyo sumu hiyo huua pia mwewe na tai wanaowala kwelea, ilhali kwelea huzaliana upesi na kuziba pengo. Kwa funza kosa ni lilelile: dawa huangamiza buibui na nyigu wanaowadhibiti. Kupanda kwa wakati mmoja katika eneo zima, kisha kulima mabua mara baada ya mavuno, kunastahili kutangulia kabla ya dawa yoyote.